Sindano ipo nyumbani, wanaoijua ndio wachache

Sisi tulio ughaibuni tuna wimbo wetu: huku matibabu safi, nyumbani hakuna madaktari. Na mimi nimeuimba miaka mingi. Sasa nimeuacha, na sababu ni fizi zangu.

Ninaishi Leicester, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Nilianza kuchoka, uchovu ambao hata ulale siku nzima hauondoki. Nikiinuka kitandani giza linanitanda machoni mpaka nishike ukuta. Nguo zikaanza kunipwaya. Halafu ikaja hamu ya chumvi. Nilikuwa nanunua embe mbichi kwa Wahindi barabara ya Belgrave, namenya, nachovya kwenye chumvi. Mwisho embe naliacha kando, nabaki kulamba chumvi kiganjani. Kwa daktari wa mtaani nilikwenda mara tatu. Mara ya kwanza nikaambiwa vitamini D imepungua, mara ya pili msongo wa mawazo, mara ya tatu zamu za usiku. Ngozi yangu ilikuwa imezidi weusi, tena sana, lakini machoni mwa daktari asiyenijua mimi nilikuwa mtu mweusi kama wengine.

Likizo ikanikuta Tanga. Shangazi alinipokea stendi, shikamoo yangu hata hajaiitikia akauliza, "Mwanangu, umekula zambarau?" Haukuwa msimu wa zambarau. Palepale kwenye benchi akanishusha mdomo wa chini kwa kidole gumba, akatazama fizi, kisha akanigeuza viganja. Ile mistari ya mkononi ilikuwa kama imechorwa kwa mkaa. Asubuhi yake tukawa hospitalini.

Daktari aliyeniona alikuwa kijana, wala si bingwa. Alinipima presha nimelala, akanisimamisha, akapima tena: imeporomoka. Majibu ya damu yakaonyesha sodiamu iko chini na potasiamu iko juu. Akaniambia, "Dada, nadhani ni tezi za juu ya figo. Homoni zake hazitoki." Vidonge vya haidrokotizoni, vinavyoziba pengo la homoni hizo, havikupatikana, akanianzishia prednisoloni, dawa ya kundi hilo hilo, na kuniandikia barua ya ukurasa mmoja. Barua ile ndiyo iliyonifungulia mlango wa bingwa wa homoni niliporudi Uingereza, wasinirudishe tena kwenye vitamini. Bingwa alinielekeza namna ya kusitisha kidonge kwanza, kisha nikachomwa Synacthen mikrogramu 250, damu ikachukuliwa kabla na baada ya nusu saa. Tezi yenye afya ikiamshwa na sindano hiyo hupandisha kotisoli, mojawapo ya homoni zake. Zangu hazikutikisika.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari ile aliyepona ni mgeni.

Tezi hizi ni mbili, zimekaa juu ya figo mithili ya kofia. Kotisoli ndiyo inayoupa mwili nguvu ya kuhimili homa, jeraha au ajali. Aldosteroni ndiyo inayozuia chumvi isipotee kwenye mkojo. Ndiyo maana nililamba chumvi. Weusi nao una sababu: ubongo unapoona kotisoli haiji, unazidi kupiga kelele kwa homoni nyingine ya kuziamsha tezi, na homoni hiyo ikizidi huchochea rangi ya ngozi. Kwa mtu wetu usitazame uso. Tazama fizi, mikunjo ya viganja, vifundo vya vidole, makovu mapya.

Ugonjwa huu unaitwa ugonjwa wa Addison; aliyeueleza ni Thomas Addison, daktari wa London, mwaka 1855, na miongoni mwa wagonjwa wake walikuwamo ambao tezi zao zililiwa na kifua kikuu. Leo Uingereza wengi huupata kwa sababu kinga ya mwili imegeuka na kuzishambulia tezi zenyewe. Kwetu, ambako kifua kikuu bado kipo, daktari lazima akitafute. Tena dawa ya rifampisini inayotibu kifua kikuu humaliza kotisoli haraka mwilini, kwa hiyo mwenye tezi dhaifu anaweza kuzidiwa akiwa kwenye dozi, na watu wakadhani ni TB ndiyo inamshinda.

Niseme haki ya Uingereza. Ugonjwa ukishajulikana, wana utaratibu. Nina cheti kinachonifanya nisilipie dawa: haidrokotizoni mara tatu kwa siku badala ya kotisoli, na fludrokotizoni asubuhi badala ya aldosteroni. Nina kadi ya dharura ya steroidi, yaani dawa za kundi la haidrokotizoni na prednisoloni, kadi iliyoanza kutolewa mwaka 2020, ambayo muuguzi yeyote akiisoma anajua la kufanya. Nikipata homa naongeza dozi maradufu. Nikitapika vidonge, nachomwa sindano ya haidrokotizoni miligramu 100 halafu mbio hospitali. Hapo ndipo tumepitwa, na nalisema kwa uchungu: tumepitwa kwa kadi na kwa utaratibu. Akili ya daktari tunayo.

Mwaka uliofuata nilirudi tena Tanga. Usiku wa nne nikaanza kutapika na kuharisha, vidonge havikai. Shangazi na binamu wakanibeba kwenye bajaji. Mapokezi, sitaitaja hospitali, tukaambiwa tufungue faili, tulipie, tusubiri kwenye benchi. Mimi hata kuongea siwezi. Shangazi akaweka kadi mezani, imeandikwa Kiingereza, dada wa mapokezi akaisukuma pembeni. Ilimchukua daktari wa intern aliyekuwa anapita na chai yake kuiokota. Akaisoma amesimama, akaweka kikombe chini, akasema, "Haidrokotizoni ya sindano si tunayo? Ile ya wagonjwa wa pumu." Ilikuwapo. Ilikuwa kwenye kabati la dharura, hatua chache kutoka kwenye lile benchi. Miligramu 100 na dripu ya maji ya chumvi, na kabla adhana ya alfajiri haijaisha nilikuwa naomba uji.

Ndugu zangu, hili ndilo linaloninyima usingizi. Chupa inayookoa maisha tunayo kwa ajili ya pumu. Wangapi wamefia kwenye benchi kama lile, familia ikarudi nyumbani kusema amerogwa? Fludrokotizoni ndiyo haipo; nilizunguka maduka ya dawa Tanga, nikaendelea Dar, sikupata, ingawa Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu. Hiyo naibeba mwenyewe kutoka huku. Ila sindano ipo.

Na msidhani ni ugonjwa wa watu wachache kama mimi. Anayemeza prednisoloni miezi kwa ajili ya viungo, anayejipaka mkorogo wenye steroidi mwili mzima kila siku, binti anayekula deksamethasoni ili anenepe: hizo zote ni steroidi, na hao wote wanaweza kuzilaza tezi zao. Wakiacha ghafla, tezi haziamki siku hiyo hiyo. Usimfokee aache leo. Mpeleke kwa daktari apunguziwe taratibu.

Mnaotafuta bingwa nyumbani, msiulize tu "daktari wa adrenali", mtazungushwa. Ulizeni kliniki ya kisukari kwenye hospitali ya rufaa, kama Muhimbili, KCMC au Bugando. Bingwa wa homoni akiwapo, mara nyingi ndipo anapokaa, kwa sababu kisukari nacho ni cha homoni. Ombeni kotisoli ya asubuhi, karibu saa mbili, pamoja na sodiamu na potasiamu. Kwa watoto, Nairobi kumekuwa na kituo cha kufundisha madaktari wa homoni tangu mwaka 2008, na waliosoma pale wametawanyika nchi nyingi za Afrika.

Mimi kadi yangu sasa ina upande wa Kiswahili, nimeuandika mwenyewe, daktari yule wa intern akaukagua maneno. Sindano mbili nimemwachia shangazi. Nilimfundisha kwa machungwa ya Muheza: vuta maji, toa hewa, choma wima, sukuma polepole. Chungwa la kwanza lilimvujia mpaka kwenye kanga. La nne halikutoa hata tone. Akalifuta, akaziweka zile chupa kabatini mbali na jua, na juu ya boksi akaandika kwa kalamu nzito: YA MWANANGU. ISIGUSWE.