Mwenye Soriasisi Hahitaji Kuambiwa Aoge

Mwenye soriasisi, ugonjwa wa ngozi unaoleta mabaka yenye magamba, husikia ushauri uleule kila mabaka yake yanapoonekana: oga vizuri, badilisha sabuni, acha kujikuna. Ushauri huu unaniudhi, kwa kuwa unamtwika mgonjwa lawama ya jambo linaloendeshwa na protini za kinga ndani ya ngozi yake.

Protini hizo huitwa saitokini. Ni wajumbe wa mfumo wa kinga, na bila wao hata mkwaruzo mdogo ungeweza kutushinda. Balaa huanza pale ujumbe unapoendelea kutumwa ilhali hakuna adui. Katika soriasisi, saitokini iitwayo intalukini-23 huzichochea seli T, aina ya chembe nyeupe za damu, zitoe nyingine, intalukini-17. Seli za ngozi zikipata ujumbe huo huanza kuzaliana kwa kasi, kisha nazo hutoa ishara za kuita chembe nyeupe zaidi za damu, na mchochota unajilisha wenyewe. Ngozi inayojijenga upya kwa takriban mwezi mmoja sasa hufanya hivyo kwa siku chache, ndipo magamba yanaporundikana. Hakuna sabuni inayofika huko. Wala ugonjwa huu hauambukizi, hivyo kumkwepa mgonjwa mkono ni kumwonea tu.

Pumu ya ngozi (ekzema) nayo huwasha, lakini wajumbe wake wakuu ni wengine. Intalukini-4 na 13 hupunguza filagrini, protini inayoimarisha tabaka la juu la ngozi. Intalukini-31 huamsha mishipa ya fahamu yenyewe, na mwasho wake hauzimwi kwa kumkaripia mtoto aache kujikuna.

Tofauti hii ndiyo iliyobadilisha tiba. Mwaka 2015 Marekani iliidhinisha secukinumab, inayozuia intalukini-17A, kwa soriasisi. Mwaka 2017 ikafuata dupilumab kwa pumu ya ngozi, ambayo huziba kipokezi cha intalukini-4 na 13. Krimu za steroidi, za kupaka ili kutuliza mchochota, sizibezi, bado zinasaidia wengi. Lakini kwa mgonjwa ambaye zimemshindwa, kuendelea kumwandikia zilezile miaka nenda miaka rudi si tiba.

Dawa hizi mpya haziung'oi ugonjwa. Mara nyingi ukiziacha, mabaka hurudi. Tena ni ghali mno. Dawa mfanano, yaani nakala zinazokaribiana sana na dawa asilia, za adalimumab, dawa ya soriasisi inayozuia saitokini nyingine iitwayo TNF, zimeshashusha bei katika baadhi ya nchi. Wizara za afya zianzie hapo.