Moyo wa kwenye kompyuta umefundishwa na mioyo ya nani?

Mvuvi wa dagaa pale Kirumba husikiliza utabiri wa hali ya hewa, kisha bado anainua macho kutazama wingu la upande wa Ukerewe. Haubezi utabiri. Anajua tu kwamba dhoruba za usiku za Ziwa Victoria zina tabia zake, na kompyuta isiyolishwa vipimo vya ziwa hili itakuwa inaagua mambo ya maji mengine. Mvuvi huyo hunijia akilini kila vijana wa hisabati na wa udaktari wanapobishana: Mwanza nayo ijitose katika kuunda moyo wa kwenye kompyuta, yaani modeli ya hisabati inayoigiza umeme wa moyo, au fedha ziende kwanza kwenye mashine za ECG, zile zinazochora umeme wa moyo kwenye karatasi?

Wanaosema tujitose wana hoja nzito. Pigo la moyo huanza kama umeme: sodiamu inaingia ndani ya seli, kalsiamu inafuata, potasiamu inatoka, na wimbi linapokezwa kwa seli ya jirani. Mwaka 1952 wanasayansi wa Uingereza Hodgkin na Huxley waliuandika umeme wa namna hiyo kwa milinganyo, wakipima mshipa wa fahamu wa ngisi. Mwaka 1960 Mwingereza mwenzao, Denis Noble, akaihamishia kazi hiyo kwenye moyo, na kompyuta moja ya London ikachora pigo. Tangu hapo seli zimeunganishwa hadi kupata moyo mzima. Wimbi likikuta kovu linaweza kujikunja na kubaki linazunguka, kama maji nyuma ya mwamba, na moyo ukatetemeka badala ya kusukuma damu. Huko Johns Hopkins, Marekani, timu ya mtafiti Natalia Trayanova imetumia picha za MRI, zinazoonyesha ndani ya mwili, kumuundia mgonjwa moyo wake mwenyewe wa kompyuta na kutafuta mahali pa kuunguza kwenye nyama ya moyo ili mzunguko wa wimbi ukatike.

Hiyo ya kuunguza tuiache kidogo. Inahitaji MRI, chumba cha katheta, ule mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa hadi moyoni, na bingwa wa kuishika, na bila hivyo ramani nzuri kiasi gani itabaki ukutani.

Upande wa dawa ndio unaonigusa. Kuna jaribio la CAST la Marekani: wagonjwa waliowahi kupata shambulio la moyo walipewa enkainidi na flekainidi kutuliza mapigo ya ziada. Mapigo hayo yalitulia kweli, lakini mwaka 1989 dawa hizo zikasimamishwa kwa sababu waliozimeza walikufa zaidi ya mara mbili ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Miaka mingi baadaye kompyuta iliweza kuonyesha jinsi flekainidi inavyoweza kuwasha moto ule ule iliotumwa kuuzima. Na sisi wa kanda ya ziwa, tuliokua tukimeza dawa za malaria, tunayo ya kwetu: halofantrini ilitibu malaria huku ikichelewesha moyo kujichaji upya baada ya pigo, hata baadhi ya watu wakafa. Tangu 2013 mpango uitwao CiPA umekuwa ukitumia modeli ya seli ya moyo wa binadamu kuihoji dawa mpya kabla haijafika mdomoni. Kwa kazi hiyo sihitaji kushawishiwa.

Sasa wanaopinga. Swali lao ni moja: modeli hizi zimesomeshwa kwa mioyo ya nani? Kwa kiasi kikubwa ni ya wazee wa Ulaya na Marekani, wenye shinikizo la damu au makovu ya mishipa iliyoziba. Kwetu anaweza kuja mama kijana ambaye vali yake, mlango wa damu ndani ya moyo, iliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni, chumba cha juu cha moyo kimetanuka, kinatetemeka, na damu inaganda humo ikisubiri kuleta kiharusi. Kumdhania kuwa sawa na mzee wa Boston kuna gharama. Jaribio la INVICTUS, lililochapishwa 2022, liliwafuata watu zaidi ya 4,500 wa aina hii katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Rivaroxabani, dawa mpya ya kuzuia damu kuganda inayosifiwa kwa mitetemo isiyotokana na ugonjwa wa vali, ilishindwa na dawa za zamani za kazi hiyo hiyo, za jamii ya warfarini. Wengi walitarajia kinyume.

Hoja hii naiona nzito kuliko ile ya umaskini. Programu za kuigiza moyo zipo, openCARP kwa mfano watafiti huipakua bure, na modeli ya seli moja hukimbia kwenye kompyuta mpakato ya mwanafunzi. Kinachokosekana ni mioyo yetu ndani yake.

Kwa hiyo naegemea kwa watu wa ECG, kwani rekodi za mioyo yetu zinaanzia hapo, ila nawadai jambo moja. Mashine nyingi huchapa kwenye karatasi ya joto, ile inayofifia kama risiti ya dukani. Mgonjwa anaikunja ndani ya daftari, daftari linapanda naye kivuko kurudi Ukerewe, na baada ya miaka michache mistari imefutika. Kabla ya kununua mashine ya pili, ya kwanza ipate mtu wa kuipiga picha kila karatasi na kuihifadhi, jina likiwa limeondolewa, umri na hali ya vali vikiwa vimeandikwa.