Ushauri Nasaha Shuleni: Kazi Ipo, Fungu Hakuna

Kila mabweni yanapoungua, serikali ya Kenya hukumbuka ushauri nasaha. Ilikuwa hivyo baada ya moto wa shule ya sekondari ya Kyanguli, wavulana 67 walipoteketea mwaka 2001, ikawa hivyo tena 2016 shule zaidi ya mia moja zilipochomwa. Mwaka huohuo wa 2001 kiboko kilipigwa marufuku, walimu wakaambiwa wazungumze na wanafunzi badala ya kuwachapa. Agizo lilifika, pesa hazikufika, na ndiyo maana nataka ushauri nasaha, yaani afya ya akili ya wanafunzi, utengewe fungu lake katika pesa za serikali kwa shule. Si ajabu kwamba kufikia 2021 waziri wa elimu mwenyewe, marehemu Profesa Magoha, alikuwa akitaka kiboko kirudi.

Wanaopinga fungu maalumu la afya ya akili hawasemi ovyo. Mgao wa serikali wa shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari haufiki shuleni wote, na mwalimu mkuu anayedaiwa mahindi na maharagwe hana hamu ya fungu jipya la kwenye karatasi. Tena migomo mingi huzaliwa na mabweni yaliyofurika na hofu ya mitihani. Mwanasaikolojia haongezi vitanda.

Ila tumtazame anayebebeshwa kazi hiyo sasa. Mara nyingi ni mwalimu wa somo, Hisabati tuseme, asiyepunguziwa hata kipindi kimoja, na ofisi yake ni kona ya stoo ya vitabu. Asubuhi yuko zamu, anaandika majina ya waliochelewa. Jioni msichana anayeogopa kwenda nyumbani likizo ikifika anatakiwa amfungulie moyo mtu huyohuyo, huku walimu wengine wakiingia kuchukua chaki. Nani angethubutu?

Fanya hesabu. Tukitenga shilingi 500 za kila mwanafunzi katika hizo 22,244, kwa shule ya wanafunzi 900, ni 450,000 kwa mwaka, yaani 37,500 kwa mwezi. Huo ni mshahara wa kawaida tu, lakini ni wa mtu ambaye hasahihishi mitihani wala haadhibu. Michezo ina fungu lake, na sijasikia mtu akidai ushahidi kwamba mpira umezuia mgomo hata mmoja.

Shule ndogo ya kutwa yenye wanafunzi 150 ingepata 75,000 pekee, kwa hiyo shule kama hizo zingelazimika kuchangia mshauri mmoja kwa shule tano au sita. Na mshauri huyo aajiriwe na TSC, tume inayoajiri walimu, moja kwa moja. Pesa zikipitia akaunti ya shule, zitakwenda kulipa deni la maharagwe, na mimi nisingemlaumu mwalimu mkuu.