Msiilaani mvua ya mferejini

Kila ikifika Aprili, wenzangu kazini huanza kupanga likizo ya mashua. Watajadili mfereji upi, siku ngapi, nani alale wapi, na mazungumzo huishia pale pale: Mungu atujalie jua. Mimi dua hiyo nimeacha kuiitikia. Nimeishi Birmingham miaka kumi na mitatu, mfereji uko dakika kumi kwa miguu kutoka mlangoni kwangu, na likizo bora niliyowahi kuipata katika nchi hii niliipata ndani ya mashua iliyonyeshewa siku tano kati ya saba. Naandika kuitetea mvua ile.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya Mei 2024, shule zimefungwa. Tulikuwa watano: mimi, baba watoto, binti zetu wawili, na mjomba wangu aliyekuja kututembelea kutoka Pangani. Mjomba ana miaka sabini na kitu. Ujana wake uliishia majahazini, Pangani kwenda Unguja na kurudi, na mikono yake hadi leo ina ugumu wa kamba. Nilipomwambia tutakaa wiki nzima kwenye mashua, aliuliza jambo moja tu: "Mwanangu, ina tanga?" Nikamjibu haina, ina injini ya dizeli. Akafikiri kidogo, akasema basi atakuja aione.

Mashua hizi ni nyembamba ajabu. Upana ni mita 2.1 hivi, na urefu waweza kufika mita 21. Yetu ilikuwa na mita 17. Ndani ni kama ujia wa basi uliotiwa vitanda, jiko, choo na bafu, na kwa mbele kuna jiko dogo la chuma la kuwasha makaa. Mwendo hauruhusiwi kuzidi maili 4 kwa saa, kilomita 6 na kidogo. Anayetembea kando ya mfereji mnakwenda naye sambamba, mnaweza kumaliza mazungumzo.

Tuliichukua Stoke Prior, Worcestershire, tukaelekeza omo Birmingham. Mwenye mashua alitupa maelezo ya nusu saa, akaruka nchi kavu, akaondoka. Baba watoto alishika usukani kwanza na kwa dakika kumi tuligonga kingo zote mbili, kwa kuwa ukisukuma kana, ule mkono wa usukani, kulia mashua inakwenda kushoto, na mwili wa mtu aliyezoea gari haukubali. Mjomba alingoja kwa adabu. Alipoombwa, alikwenda tezi, akaishika kana kwa mkono mmoja nyuma ya kiuno bila hata kuitazama, na mashua ikanyooka. Hakuiachia tena wiki nzima.

Mfereji huu wa Worcester na Birmingham ulikamilika 1815. Una urefu wa kilomita 48 hivi na loki 58, na 30 kati ya hizo zimepangwa mfululizo mahali pamoja, Tardebigge, zikipandisha mashua mita 67 ndani ya kilomita tatu na nusu. Uingereza nzima hakuna mfululizo wa loki mrefu kuliko huo. Tulifika chini yake asubuhi ya siku ya pili, na mvua ikafika pamoja nasi.

Kwa ambaye hajaiona, loki ni chumba cha matofali kilichochimbwa ardhini, chenye malango mwisho huu na mwisho ule. Unapopanda mlima unaiingiza mashua kwa chini, unafunga malango nyuma yako, kisha unafungua vizibo vya juu. Maji ya juu yanateremka kukijaza chumba, na mashua inapanda juu ya maji hayo kama kijiti kwenye ndoo inayojazwa. Pale hakuna mota wala umeme. Vizibo unavifungua kwa hendeli ya chuma unayotembea nayo mkandani; unazungusha, meno yanalia ta-ta-ta-ta, na nyuma ya lango unasikia maji yakianza kunguruma. Lango lenyewe unalisukuma kwa makalio. Unaiegemea boriti yake kwa mgongo, unakanyaga matofali yaliyoinuliwa kidogo ardhini ili mguu usiteleze, unasukuma, na mwanzo haliendi popote. Kisha maji ya pande mbili yanalingana, na tani kadhaa za mbao zinasogea taratibu kama mlango wa chumbani. Binti yangu mdogo, mwenye miaka tisa, alilisukuma lango peke yake kwenye loki ya sita. Alikuwa amelowa hadi mfupa na uso unang'aa.

Mimi nilifanya kosa kubwa kwenye loki ya kumi na moja au kumi na mbili. Mvua ilikuwa imenijaa machoni, hendeli inateleza, na nilipofunga malango ya chini nilishusha kizibo kimoja tu, cha pili nikadhani nimekishusha. Tukafungua vizibo vya juu. Maji yakaingia kwa kishindo huku yakitokea chini kwa njia niliyoyaachia mimi. Mjomba, akiwa ndani ya mashua chini ya kile kisima cha matofali, ndiye aliyegundua. Alikuwa ameweka jicho kwenye jani moja lililoota ukutani. "Mwanangu, maji hayapandi! Jani liko pale pale!"

Nilipogeuka kutazama juu, kile kipande cha mfereji kati yetu na loki inayofuata kilikuwa kimekwisha. Kingo zilibaki na matope meusi yanayong'aa, na bata wawili wamesimama pale walipokuwa wakielea. Niliogopa sana. Akaja mama mmoja wa makamo, mhudumu wa kujitolea, koti lake la buluu limelowa kuliko letu. Hakutugombeza. Alikishusha kizibo changu, akapanda hadi loki ya juu, akafungua maji yashuke kidogo kidogo hadi kipande chetu kikajaa. Ilichukua kama dakika arobaini, na muda wote alisimama nasi mvuani. Nilipomwomba radhi, alionyesha mawingu kwa kidevu, akasema maji yote haya yanatoka kule, na leo tuna bahati.

Neno hilo lilinikaa. Mfereji si mto. Mto una chanzo chake na utapita upende usipende. Mfereji unaopanda kilima una mgongo wa juu, na kila mashua inayovuka inateremsha maji ya mgongoni, zaidi ya lita laki moja kwa loki moja, na yakishateremka hayarudi yenyewe. Lazima yaletwe mengine, na mengine yanatoka mbinguni. Tardebigge pana bwawa kubwa kando ya loki. Liko chini kuliko mgongo wa mfereji, kwa hiyo wazee wa zamani walijenga nyumba ya injini ya mvuke ya kuyapandisha maji yake juu.

Na Birmingham, pale Gas Street, kuna ukuta ambao kila ninapoupita sasa nasimama kuutazama. Una upana wa futi saba. Mfereji wa Worcester ulipofika mjini, kampuni ya mifereji ya Birmingham ilikataa maji yake yasichanganyike na ya wageni, kwa hofu kwamba yatatiririka yaende zake. Ukajengwa ukuta kati. Kwa miaka, hadi 1815, mizigo ilishushwa kwenye mashua ya upande huu, ikabebwa kwa mikono kuvuka futi saba, ikapakiwa kwenye mashua ya upande wa pili. Makaa, bidhaa, kila kitu. Watu wa mji wenye mvua kiasi hiki walikubali kuvunjika migongo kwa sababu ya maji tu. Mjomba nilipomtafsiria habari hiyo aliuweka mkono juu ya ukuta, akasema, "Hawa walijua thamani ya maji."

Hebu niseme na habari ya jioni, maana ndiyo watu wanayoiogopa. Ulishinda mvuani, umefunga mashua kwa vigingi na nyundo, umeingia ndani, unavua gambuti mlangoni. Jiko la makaa limeshika. Soksi kumi zimepangwa juu yake zinatoa mvuke, kioo kimetia ukungu, sufuria ya chai ya tangawizi inachemka, na paa la chuma liko sentimita chache juu ya kichwa chako. Mvua juu ya paa lile haina sauti ya mvua ya nyumba ya ghorofa huku, ambayo huisikii hata kidogo. Ni sauti ya bati. Sikuwa nimelala chini ya sauti ya bati tangu niondoke Tanga, na usiku wa kwanza wa mvua nilikaa macho makusudi ili niisikilize. Dirisha la juu ya kitanda chetu lilivuja, ni kweli, tukaweka bakuli. Mjomba akasimulia kusi la mwaka aliozaliwa mama yangu. Wanangu, ambao nyumbani siwapati mezani dakika kumi bila simu, walisikiliza hadi makaa yakafa.

Kuna njia za chini ya ardhi pia. Ile ya Wast Hills inakaribia kilomita mbili na nusu, giza tupu, na zamani farasi waliovuta mashua walipitishwa juu ya kilima kwa sababu ndani hamna njia yao. Tulidhani humo tutapumzika na mvua. Kumbe mlimani maji yanapenya kwenye matofali na kudondoka shingoni, baridi kuliko ya nje.

Wenzangu wa Afrika Mashariki tulioko huku tuna kasumba ya kusema nchi hii haina likizo, tungoje Desemba twende nyumbani. Nauli ya watu wanne kwenda Dar wote tunaijua. Tunakaa miaka mitatu ndani ya nyumba tukiitukana hali ya hewa, na kilomita zipatazo 3,200 za mifereji na mito ya mashua ziko nje, zikihudumiwa na shirika la hisani na watu wa kujitolea kama yule mama. Zilikaribia kufa. Mwaka 1945, juu ya loki hizo hizo za Tardebigge, mwandishi Tom Rolt, aliyekuwa akiishi na mkewe ndani ya mashua yao Cressy, alitembelewa na mwandishi mwenzake Robert Aickman, na mwaka uliofuata chama cha kuzitetea njia hizi za maji kikaundwa. Leo tena ruzuku ya serikali kwa shirika hilo la hisani imetangazwa kupungua mwaka hadi mwaka kuanzia 2027, jambo ninaloliona ni kosa. Nunueni koti zuri la mvua, gambuti zisizovuja, soksi za akiba mara tatu ya mnavyodhani, mwende. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Mwaka uliofuata tuliagiza mashua tena, mara hii kwenye mfereji wa Leeds na Liverpool, wiki ya kwanza ya Agosti 2025. Majira ya kuchipua yalikuwa makavu kupita kiasi, jua kila siku, na kazini watu walifurahi. Mabwawa yakashuka. Sehemu ndefu ya mfereji ule ikafungwa, loki zikatiwa minyororo, na kwingineko pia kaskazini na katikati ya nchi ikawa hivyo hivyo. Likizo yetu ikafutwa kwa barua pepe ya mistari minne. Binti mdogo aliisoma begani kwangu, akauliza kama tungeweza kuwapelekea maji.

Nilimweleza mjomba kwa simu. Tangu siku hiyo kila Ijumaa baada ya sala alinitumia ujumbe wa sauti, salamu kwanza kwa wote, kisha swali: Tardebigge imenyesha? Wiki baada ya wiki nilimjibu bado, mjomba. Septemba, jioni moja narudi kazini, ilishuka mvua kubwa ya kweli. Nilipita mferejini badala ya kwenda nyumbani. Kulikuwa na mashua moja imefungwa kando, taa inawaka ndani, moshi unatoka kwenye bomba. Nikasimama karibu nayo, nikainyoosha simu juu ya paa lake, nikamrekodia.