Mashine ya vidole na mizani ya korosho

Saa moja kasoro robo asubuhi, getini kwenye kiwanda kimoja kidogo cha kubangua korosho hapa Mtwara, mama mmoja anabonyeza kidole kwenye kimashine kilichopigiliwa ukutani. Kimashine kinamjibu kwa sauti ya kike, kwa Kiingereza, kwamba ajaribu tena. Anafuta kidole kwenye kanga, anajaribu. Anabadilisha kidole. Foleni nyuma yake imeanza kuguna. Aliyewahi kubangua anajua mafuta ya ganda la korosho yanavyofanya: yanaunguza, yanaacha weusi, ngozi inabanduka. Kwa hiyo kadiri mtu anavyobangua zaidi ndivyo mashine inavyozidi kumkataa. Siku hiyo mama yule alikuwa amefika mapema, ila kwenye kumbukumbu alisomeka amechelewa.

Jioni nilimkuta tena, safari hii kwenye mizani, maana wanalipwa kwa kilo. Mizani yenyewe ni ya kidijitali, ya juzi juzi tu, na kijana wa kupima alikuwa ameielekeza kwake. "Nigeuzie huku mwanangu, nami nione." Akageuziwa. Akasoma, akabishia robo kilo, ikapimwa upya, wakakubaliana, akaondoka zake anacheka.

Nimeanza na vifaa hivi viwili kwa sababu mjadala wa teknolojia katika usimamizi wa watumishi umekaa upande. Mashine za mahudhurio zimefika mpaka kwenye ofisi ndogo. Serikalini, OPRAS ya karatasi iliyoanza mwaka 2004 kupima utendaji wa mtumishi imepisha PEPMIS, ambako mtumishi anajaza malengo na kazi zake mtandaoni na msimamizi wake anathibitisha. Kampuni binafsi nazo zina mifumo yao, bila kusahau grupu la WhatsApp la ofisi lisilolala. Anayelalamika huwa anajibiwa kwa wepesi sana: anaogopa kompyuta, amezoea utoro, ana lake jambo. Mama wa getini haogopi kompyuta. Mizani ni kompyuta pia.

Tuwape haki yao wanaoitetea mifumo, kwa sababu wanayo. Tunaokumbuka enzi za mafaili tunajua mtumishi wa Liwale au Newala alivyokuwa akitafuta nauli kufuatilia karatasi moja ya kupandishwa daraja, akifika anaambiwa faili halionekani. Leo anaomba likizo na kuona hati ya mshahara kwenye simu. Daftari la mahudhurio nalo lilikuwa kichekesho: ofisi nzima imefika saa moja na nusu kamili, kwa mwandiko wa mtu mmoja. Aliyeumia pale ni mama mjamzito aliyekuta zahanati imefungwa, na mtoto aliyekaa darasani siku nzima bila mwalimu. Hao hawana grupu la kulalamikia, kwa hiyo sitaki kuandika kana kwamba utoro ni hadithi ya mabosi.

Lakini wanasaikolojia wa kazi wamelipima jambo hili kwa miaka mingi, na walichokipata hakifiki kwenye vikao vya manunuzi ya mashine. Mwaka 2022 Daniel Ravid na wenzake walikusanya pamoja matokeo ya tafiti zilizokwishafanyika kuhusu kumfuatilia mfanyakazi kwa mitambo: sampuli 94, watu zaidi ya 23,000. Msongo ulipanda kidogo. Utendaji haukupanda. Mwaka huohuo timu nyingine, ya Rudolf Siegel na wenzake, ilikusanya sampuli 70 na kukuta picha ileile, na uhusiano kati ya kufuatiliwa na utendaji ukiwa karibu kabisa na sifuri.

Naomba tuitazame vizuri sifuri hii, kwa sababu imenisumbua. Siku zote nilidhani tunabishana juu ya biashara ya kawaida: mfanyakazi anaumia kidogo, mwajiri anapata kazi zaidi, basi tupime kama inalipa. Kumbe gharama ipo, faida haipo. Ni kama mkulima anayepulizia salfa mikorosho isiyo na ubwiri unga. Salfa kainunua, vibarua kawalipa, kikohozi kakipata, na korosho ni zilezile. Kuna mashine ya kununuliwa, umeme, bando, na mtu wa kukaa akisoma ripoti. Wanaosema "wavumilie, kazi lazima iende" wanadhani kuna kazi inayokwenda kwa sababu ya huo uvumilivu.

Sifuri ya wastani, kweli, haimaanishi kwamba hakuna aliyefaidika popote. Wengi waliopimwa ni watu wa nchi tajiri, wafanyakazi wa simu za huduma kwa wateja na wanafunzi wa vyuo, na mtu anaweza kuuliza hayo yanahusu nini zahanati ya Nanyumbu. Swali ni la haki. Ndiyo maana ni vizuri kwenda Udaipur, kule Rajasthan nchini India, kwenye vijiji vinavyofanana zaidi na vyetu.

Kule walimu wa shule ndogo za shirika moja walipewa kamera inayoandika tarehe na saa. Mwanafunzi anampiga mwalimu picha na wenzake asubuhi, na nyingine wakati wa kufunga. Utafiti wa Esther Duflo, Rema Hanna na Stephen Ryan, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta utoro wa asilimia 21 kwenye shule hizo, wakati shule zisizo na kamera ulikuwa asilimia 42. Nusu nzima! Watetezi wa mashine wakiusikia utafiti huu wanaupenda, na wana sababu. Ila wausome mpaka mwisho. Kamera ilifungwa na mshahara kwa hesabu ambayo mwalimu mwenyewe aliweza kuifanya kwa vidole: ukivuka siku 10 kwa mwezi, kila siku ya ziada rupia 50. Hakuna ripoti aliyobaki nayo bosi peke yake. Mwalimu alijua jioni ile ile amepata nini, kama mama yetu kwenye mizani.

Eneo hilohilo wauguzi wa serikali walipewa mashine za kugonga muda, na waliokosekana mara nyingi walitishiwa kukatwa mshahara. Miezi ya mwanzo mahudhurio yalipanda sana. Baada ya miezi kama 16 tofauti ilikuwa imekwisha kabisa, kwa sababu wakubwa wao walizidi kuwaandikia siku za ruhusa. Mashine zilibaki, na wauguzi hawapo.

Watu wa kusini hatuhitaji kufundishwa somo hili. Tumeishi na kangomba, ule ununuzi wa korosho wa magendo kwa vipimo visivyo rasmi. Mkulima aliyepimiwa korosho kwa chombo cha mnunuzi hakuwahi kuchukia kupimwa, alichukia kipimo kinachoshikwa na mtu mmoja. Mtafiti Robert Karasek aliliona hilo kwa njia yake mwaka 1979: kazi nyingi peke yake si sumu, sumu ni kazi nyingi pamoja na kukosa usemi juu ya kazi hiyo. Baadaye Michael Marmot na wenzake waliwafuatilia watumishi wa serikali zaidi ya 10,000 jijini London, na waliokuwa na usemi mdogo kazini ndio walioandamwa zaidi na maradhi ya moyo. Si makuli wale, ni watu wa ofisini wenye ajira ya kudumu na pensheni.

Ofisi zetu zikishaona watu wamechoka, dawa ni semina. Analetwa mtu na projekta, anafundisha kupumua na kufikiri vyema, soda, picha ya pamoja. William Fleming wa Oxford alichapisha mwaka 2024 uchambuzi wa wafanyakazi 46,336 wa taasisi 233 za Uingereza, akilinganisha walioshiriki mambo kama hayo, mafunzo ya ustahimilivu na programu za simu za kutuliza akili, na wasioshiriki. Walioshiriki hawakuwa na hali bora zaidi, isipokuwa waliopewa nafasi ya kujitolea. Wakati huohuo jaribio la mwaka 2015 la Kostadin Kushlev na Elizabeth Dunn lilionyesha kwamba watu wakifungua barua pepe mara tatu tu kwa siku, msongo unapungua. Nani kwetu atathubutu kulijaribu hilo kwenye grupu, bosi anapoandika saa nne usiku na alama za bluu zinaonyesha umeshasoma? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inasema saa 45 kwa wiki. Grupu halijaisoma.

Mimi sitaki mashine ing'olewe. Nataka igeuzwe uso. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinafanyiwa nini, na sijui taarifa iliyo binafsi kuliko kidole.

Nilimuuliza msimamizi wa kile kiwanda kama wabanguaji wanaweza kuona mashine imewaandika vipi. "Ya nini tena, kaka? Yote yamo kwenye kompyuta." Hakuwa mtu mbaya, ni kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza. Wiki iliyofuata nilikuta karatasi ya mwezi imebandikwa karibu na mizani. Mama yule alikuwa amesimama mbele yake, kidole cheusi kikishuka mstari kwa mstari, anahesabu siku alizoandikwa amechelewa. Alipofika ya tisa akamwita karani.