Hoteli Ifungue Mlango Ndani ya Bustani, ila Asubuhi Ibaki ya Wote

Mimi niko upande wa mlango. Bustani kubwa ya burudani, ile yenye michezo ya kupanda kama Disneyland, ikiwa na uwezo wa kujenga hoteli ambayo mgeni anashuka ngazi, anapitisha tiketi na papo hapo yumo ndani, basi ijenge. Wapo wanaopinga kwa hoja nzito, na mojawapo naikubali kabisa, nitaifikia. Lakini mabishano mengi kuhusu hoteli hizi huishia kwenye anasa: mandhari ya dirishani, mashuka, kifungua kinywa pamoja na vikaragosi. Kwangu mimi hayo ni mambo ya pembeni. Jambo lenyewe ni uchovu.

Kaa kwenye benchi lolote katika bustani hizi saa nane mchana, siku ya jua kali, uangalie wanaopita. Mtoto wa miaka minne amelala kwenye kigari, shingo imeanguka upande, kiatu kimoja kimeshavuka na hakuna aliyegundua. Dada yake analia kwa sababu foleni ya mchezo anaoutaka imefika dakika tisini. Baba anachungulia ramani kwenye simu iliyobakiza chaji kidogo. Bibi ameketi pembeni anajikanda magoti, anasema hana neno, waendelee tu, yeye atawasubiri hapo hapo. Wameingia saa tatu asubuhi, fataki zinarushwa saa tatu usiku, na tiketi wameilipia siku nzima.

Kinachowakwamisha ni umbali. Kurudi hotelini maana yake ni kutembea hadi langoni, kusubiri kigari cha kuwapeleka kwenye maegesho, kulitafuta gari lao, kuendesha, kupanda chumbani, kisha baada ya saa mbili kuianza upya safari yote, pamoja na kukaguliwa mabegi. Nani ataianza safari hiyo na mtoto aliyelala begani? Kwa hiyo wanabaki na kuvumilia. Jioni, pale taa zinapowaka na bustani inapopendeza kuliko saa nyingine yoyote, wao hawana hali tena.

Mlango wa hoteli unaibadilisha siku hiyo kwa namna ambayo hakuna kingine kinachoweza. Mtoto anabebwa dakika tano, anawekwa kitandani, analala usingizi wa kweli. Bibi ananyoosha miguu na saa kumi na moja anataka kurudi mwenyewe. Mgonjwa wa kisukari ana insulini yake kwenye friji ya chumbani badala ya kuizungusha juani. Na yupo mtoto mwenye usonji, ambaye kelele na umati vikimlemea, wazazi wake wana muda mfupi mno wa kumfikisha mahali penye giza na kimya. Kwa familia hiyo, hoteli yenye mlango ndani ya bustani ndiyo inayoamua kama watakwenda au watabaki nyumbani. Bustani yenyewe inafaidika pia: watu wanaotoka mchana hupunguza msongamano saa za joto kali, na wanaorudi kwa miguu hawaongezi magari barabarani.

Wazo lenyewe ni la zamani. Cedar Point, bustani ya burudani kule Ohio, Marekani, ilifungua Hotel Breakers mwaka 1905, ufukweni, ndani ya eneo la bustani, miaka hamsini kabla ya Disneyland. Walt Disney, mtengenezaji wa filamu za katuni, naye alipofungua Disneyland pale Anaheim, California, Julai 1955, alitaka hoteli lakini fedha zilikuwa zimemwishia. Aliyeijenga ni Jack Wrather, mtayarishaji wa vipindi vya televisheni, na Disneyland Hotel ikaanza kupokea wageni Oktoba mwaka ule ule. Ilibaki nje ya mikono ya kampuni ya Disney hadi 1988. Wakati huo wote moteli na biashara za watu wengine zilikuwa zimeizunguka bustani pande zote, jambo lililomuuma Walt, na ndiyo sababu mojawapo ya kununua Florida ardhi ya zaidi ya ekari 27,000. Walt Disney World ilipofunguliwa kwenye ardhi hiyo mwaka 1971, treni ya monoreli, inayopita juu ya reli moja, ilipita katikati ya jengo la hoteli ya Contemporary Resort. Mgeni alikuwa anatoka chumbani, anapanda treni bila kutoka nje, anashuka kwenye lango la Magic Kingdom, bustani yenyewe.

Lakini monoreli bado ni usafiri, na usafiri una foleni yake. Waliokuja baadaye waliiondoa hatua hiyo. Mwaka 2001 hoteli ya Grand Californian ilifunguliwa Anaheim ikiwa na lango lake la kuingilia Disney California Adventure, bustani iliyo jirani na Disneyland. Mwaka huo huo bustani ya Tokyo DisneySea, kule Japani, ilianza kazi ikiwa na Hotel MiraCosta, vyumba 502, na hoteli hii ndiyo ningemwonyesha kwanza mtu yeyote anayesita. MiraCosta haikujengwa kando ya bustani. Wageni wa siku wanapita chini yake wakiingia, na upande wa pili kuta zake zinageuka kuwa majengo ya bandari ya Kiitalia inayozunguka maji. Anayesimama bandarini haoni hoteli, anaona mji. Aliye dirishani anaona maonyesho ya majini bila kugombea nafasi.

Hilo la kuta lina uzito kuliko linavyoonekana. Bustani ya aina hii inauza hisia ya kuwa mahali pengine, na Walt aliizungushia Disneyland tuta la udongo ili aliye ndani asiione Anaheim. Ukisimamisha jengo la ghorofa kumi lenye balkoni za kufanana na viyoyozi vya kuning'inia, umelibomoa tuta hilo kutoka ndani. Kwa hiyo anayeomba mlango wa moja kwa moja lazima akubali gharama ya kulifanya jengo liwe sehemu ya simulizi, hata upande wa nyuma. Disneyland Hotel ya Paris inakaa juu kabisa ya lango la bustani, na imefaulu kwa sababu imekuwa lango lenyewe: minara, paa na saa yake ni mwanzo wa safari hata kwa yule asiyeweza kulipia usiku mmoja pale. Phantasialand, bustani iliyo Brühl, Ujerumani, ina ardhi finyu isiyo na pa kutanukia. Mwaka 2020 ilifungua sehemu mpya iitwayo Rookburgh, ambamo Hotel Charles Lindbergh na rola kosta ya F.L.Y., yaani mchezo wa viti vinavyokimbia kwa kasi kwenye reli za kupanda na kushuka, vimefumwa pamoja, reli zikipita karibu na vyumba vidogo vilivyobuniwa kama vyumba vya safari ya anga. Sidhani ningemlaza bibi pale. Ila ni ushahidi kwamba hoteli si lazima iule uwanja wa michezo. Inaweza kukaa juu yake na kuupamba.

Sasa ile hoja ninayoikubali. Bustani nyingi zikishapata hoteli huanza kuuza muda. Wageni wa hoteli wanaingia nusu saa au saa nzima kabla ya wengine, na mlango wa moja kwa moja unawafikisha mbele kabisa. Matangazo huiita zawadi, na mgeni wa siku huambiwa kwamba yeye hapotezi kitu, kwa kuwa lango lake linafunguliwa saa ile ile ya kawaida.

Anapoteza. Chukua mchezo mpya unaopendwa, wenye uwezo wa kubeba watu 1,000 kwa saa. Chukua hoteli yenye vyumba 500, kila chumba watu watatu: hao ni 1,500. Tuseme theluthi mbili wanaamka mapema na wote wanakimbilia mchezo huo huo, kama ilivyo kawaida. Wamepewa nusu saa. Katika nusu saa hiyo wanapanda 500, na 500 wengine bado wamesimama kwenye foleni lango la wote linapofunguliwa. Aliyefika wa kwanza kabisa langoni, aliyeamka usiku wa manane na kuendesha gari kwa muda wa saa nne, anakuta nusu saa ya foleni mbele yake hata kabla hajaingia. Hesabu hii ni ya mfano tu, lakini namna inavyofanya kazi ndiyo hiyo. Kiti cha rola kosta hakiongezeki kwa kujenga chumba cha kulala. Dakika anazopewa mmoja zinatoka kwa mwingine.

Hapo ndipo ninapochora mstari, na nauchora kwa nguvu. Kuuza ukaribu ni halali: chumba kilicho dakika mbili kutoka bustanini kina thamani kubwa kuliko kilicho kilomita kumi, na anayekilipia haumizi mtu. Kuuza nafasi ya mbele kwenye foleni ni jambo jingine, hata likipitishwa kwenye mlango ule ule. Pale Orlando, Florida, hoteli tatu za juu za Universal, kampuni inayoshindana na Disney, yaani Portofino Bay, Hard Rock na Royal Pacific, zimekuwa zikiwapa wageni wao pasi ya Express ya kupita foleni fupi katika bustani mbili za kwanza. Wanaoitumia wanaisifu, nami siwalaumu, kwani wamelipa. Lakini kila anayepita kwenye foleni fupi anairefusha ile ndefu, na aliyesimama kule hakuulizwa.

Kinachonipa matumaini ni kwamba kampuni hiyo hiyo ilipofungua Epic Universe, bustani yake mpya pale pale Orlando, Mei 2025, ilitenganisha mambo hayo mawili kwa kiasi. Helios Grand, hoteli ya vyumba 500 iliyosimama mwisho wa bustani, ina lango la wageni wake tu, lakini kulala pale hakukuja na pasi ya Express. Kuingia mapema bado kumo, na ningependa nako kufutwe. Kama ni lazima wageni wa hoteli wawe na saa yao, iwe usiku, baada ya bustani kufungwa kwa wengine, kwa maana saa ya usiku huongezwa kwenye siku na haikatwi kwenye asubuhi ya mtu.

Kuhusu biashara nitasema kwa ufupi. Mlango hauiokoi hoteli isiyo na wageni. Euro Disney, ambayo sasa ni Disneyland Paris, ilifunguliwa Aprili 1992 na vyumba vya hoteli kama 5,200 kwa mpigo, karibu na Paris, mji ambao treni yake ya abiria ya RER inawaleta na kuwarudisha watu kwa siku moja. Vyumba havikujaa, Newport Bay Club, mojawapo ya hoteli zake, ikafungwa majira ya baridi ya kwanza, na kufikia 1994 madeni yalikuwa yanapangwa upya. Europa-Park, bustani iliyo Rust, Ujerumani, ilikwenda kinyume na hapo: ilianza 1975, ikakaa miaka ishirini bila hoteli, ikajenga hoteli ya El Andaluz mwaka 1995 pale ilipojua kwamba watu wanataka kulala, kisha ikaongeza moja baada ya nyingine. Nayo ile Galactic Starcruiser, hoteli ya Disney iliyobuniwa kama chombo cha angani, iliyoanza Machi 2022 kwa karibu dola 4,800 kwa watu wawili, usiku mbili, ilifungwa Septemba 2023. Ukubwa wa hoteli upimwe kwa watu ambao bustani inawavutia kwa siku ya pili, na bei ipimwe kwa familia ya benchi lile. La sivyo mlango utabaki wa wachache, na wanaouhitaji zaidi watauangalia wakiwa upande wa nje.

Kuna kasoro moja ambayo sijaona wengi wakiizungumzia, na ndiyo ningeanza nayo kama ningeitwa kuketi na wanaochora hoteli ya namna hii. Chumba hakipatikani saa kinapohitajika. Hoteli nyingi humtaka mgeni aondoke saa tano asubuhi na humpokea mwingine saa tisa au kumi alasiri. Kwa familia inayolala usiku mmoja, ambazo ni nyingi kwa sababu ya gharama, hiyo ina maana kwamba saa nane mchana hawana chumba siku ya kwanza wala siku ya pili. Mlango wanao, kitanda hawana. Wanaishia kwenye makochi ya mapokezi, mabegi miguuni, mtoto amelala mapajani mwa mama.

Jibu lake halihitaji ghorofa nyingine. Hatua chache kutoka lango la ndani kijengwe chumba kikubwa cha kupumzikia: mapazia mazito, viti vya kulaza mgongo, vitanda vidogo vya watoto, friji ya dawa, bafu la kuoga, na mhudumu anayehakikisha simu hazilii. Wageni wa hoteli wakitumie kabla ya kukabidhiwa funguo na baada ya kuzirudisha. Kisha kiwe na mlango wa pili, unaotazama bustanini, kwa ajili ya wageni wa siku wenye mtoto mchanga, wenye ulemavu, wagonjwa na wazee, bila malipo ya ziada, kwa saa moja au mbili kila mmoja kulingana na nafasi. Hoteli itabaki na vyumba vyake, mandhari yake na bei zake, na bibi wa kwenye benchi atapata pa kunyoosha miguu hata kama wanawe hawakuweza kulipia chumba.