Ofisi ya ajira ya chuo: mwaka wa tatu umeshachelewa

Msimu wa fildi ukifika, stendi ya Kange hupokea wanafunzi wa vyuo vya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma wanaorudi nyumbani Tanga kufanya mafunzo kwa vitendo. Waulize kama waliwahi kuingia kwenye ofisi ya chuo chao inayoshughulikia ushauri wa ajira. Wapo wasiojua kama ipo. Wapo wanaoijua na wanaosema wazi kwamba ni kupoteza muda, na hao wana hoja.

Wanasema kazi nchi hii ni kujuana. Ajira za serikali nazo zinapita kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira: unajisajili mwenyewe, unapakia vyeti mwenyewe, unaingia mtihani wa mchujo na umati wa wenzako, na hakuna ofisi ya chuo itakayokusogeza hata hatua moja. Tena ofisi hizo mara nyingi zina watumishi wachache kwa wanafunzi wengi mno, na wengi hukumbuka kutoka kwao semina moja tu ya kuandika CV, mahafali yakiwa yamekaribia.

Sehemu kubwa ya hayo nayakubali. Ofisi ya ushauri haizalishi ajira. Kama nafasi ni moja na waombaji ni mia, ushauri mzuri utabadilisha jina la atakayeipata, na tisini na tisa watabaki palepale. Anayewaambia vijana kwamba tatizo lao ni CV mbaya anawaonea.

Ila hilo la kujuana tulitazame kwa makini, kwa sababu ndilo linalotumika kufunga mjadala. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliwachunguza wataalamu na mameneja wa Newton, Massachusetts, waliokuwa wamepata kazi mpya. Asilimia 56 kati yao walizipata kupitia watu wanaofahamiana nao, kwa hiyo jambo hili halikuanzia kwetu. Katika makala yake ya mwaka 1973 alionyesha kitu kingine: kati ya waliosaidiwa na mtu, chini ya asilimia 17 walikuwa wakionana naye mara kwa mara. Wengine wote walionana naye mara mojamoja au kwa nadra sana. Ndugu na marafiki wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua wewe. Habari mpya inatoka kwa mtu wa mbali kidogo.

Sasa fikiria kijana wa Sahare ambaye baba yake ni mvuvi, au binti wa mkata mkonge wa Muheza. Hana mjomba bandarini, wala shangazi kwenye kiwanda cha saruji Pongwe. Mtoto wa mkurugenzi anaweza kuidharau ofisi ya ajira na asipungukiwe kitu, maana watu wa mbali amerithi. Huyu mwingine hana pengine pa kuwapata isipokuwa chuoni: wahitimu waliotangulia, waajiri waliowahi kupokea wanafunzi, barua yenye muhuri wa chuo. Kwa maoni yangu, hoja ya kujuana ndiyo inayompa sababu kubwa zaidi ya kwenda.

Na aende mapema. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, hapa Tanga, lina kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo zimo Tanzania. Mafuta yale yana nta nyingi na yakipoa yanaganda, ndiyo maana bomba limesanifiwa kupashwa joto kwa umeme, nyuzi 50 au zaidi njia nzima. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulifikiwa Februari 2022. Mwanafunzi wa uhandisi umeme aliyeanza chuo mwishoni mwa mwaka ule, kama angeambiwa hayo katika muhula wa kwanza, angekuwa na miaka minne ya kuchagua fildi, mradi wa mwisho na watu wa kuwafahamu. Kazi za ujenzi zina mwisho wake, hilo kweli, lakini bomba na matangi yanahitaji watu wa kuyaendesha na kuyatunza.

Ukiingia ofisini humo usiombe kazi. Omba majina ya wahitimu wa kozi yako walioko Tanga na namna ya kuwafikia kwa ridhaa yao. Uliza ni waajiri gani waliwapa wanafunzi wa fildi kazi ya maana, na ni wapi waliishia kutumwa chai. Matangazo mengi ya ajira hudai wadhamini watatu, na mdhamini anayekufahamu kikazi hapatikani wiki ya kutuma maombi.

Lawama iliyobaki ni ya vyuo. Kila msimu, wahadhiri husafiri kukagua wanafunzi walioko fildi. Wanafika bandarini, Bodi ya Mkonge, viwandani, wanasaini kitabu cha kumbukumbu, wanatoa alama, wanaondoka. Wamekaa meza moja na msimamizi anayejua ni ujuzi gani unakosekana na ni mwanafunzi yupi angembakiza kama nafasi ingekuwepo, halafu taarifa hiyo inaishia kwenye karatasi ya alama. Ofisi ya ajira inapaswa kuidai ripoti hiyo kwa kila mkaguzi anayerudi kutoka Tanga, na kuibandika ubaoni ambapo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuisoma.